Neno "Quite" na Mizani ya Kiswahili: Maana na Matumizi ya Kielezi Kimoja cha Kiasi



Mada ya mhadhara huu ni neno moja dogo la Kiingereza, nalo ni "quite". Huenda baadhi yenu mkauliza kwa nini mhadhara wa taaluma za Kiswahili ushughulike na kielezi cha lugha nyingine. Jibu ni kwamba neno hili limekwisha kuingia katika shughuli zetu. Limo katika taarifa za madaktari, katika barua za kuwapendekeza wanafunzi wetu wanaoomba nafasi za masomo ng'ambo, na katika maelezo ya mashahidi yanayotafsiriwa mbele ya hakimu. Nchini Tanzania, sheria iliyopitishwa mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilikiweka Kiswahili pamoja na Kiingereza katika daraja la lugha rasmi. Hivyo basi, kuvusha maana kutoka lugha moja hadi nyingine si zoezi la darasani tu. Ni kazi ambayo haki na afya ya mtu vinaweza kuitegemea.

Hoja tunayokusudia kuitetea ni hii: kisawe cha "quite" hakipatikani kwa kulitazama neno lenyewe, bali kwa kulitazama neno linaloandamana nalo. Aidha, tutaonyesha kwamba Kiswahili kina zana za kutosha za kubeba maana zote za kielezi hiki, na kwamba hatari kubwa ya kupotosha maana imo katika kisawe tunachokiamini kuliko vyote, yaani "kabisa".

1. Asili ya neno

Vielezi vya kiasi ni maneno yanayotueleza sifa au tendo limefikia ngazi gani. Kwa Kiswahili tunavyo "sana", "mno", "kabisa", "kidogo", "kiasi" na vinginevyo. Maneno ya aina hii huanza maisha yake yakiwa na maana nyingine nzito zaidi, kisha maana hiyo huchakaa kwa kutumiwa. Neno la Kiingereza "very" lilitokana na neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya "kweli". Njia hiyohiyo tunaiona kwetu tunaposema "mzuri kweli" au "mzuri kwelikweli", ambapo msemaji hathibitishi ukweli wa jambo, bali anakuza kiwango cha uzuri. Neno la Kifaransa "très" lina asili ya Kilatini yenye maana ya "ng'ambo ya" au "kupita", na sisi tunasema "kupita kiasi" na "kupindukia".

"Quite" nalo lina historia yake. Asili yake ni neno la Kilatini "quietus", lenye maana ya aliyetulia au aliyepumzika, ambalo kupitia Kifaransa cha kale likapata maana ya aliye huru, hususan aliyeondolewa deni au wajibu. Mtu aliyelipa deni lake lote hadaiwi tena, naye yu huru moja kwa moja. Kutokana na wazo hilo la kumaliza, kielezi "quite" kilianza kutumika katika Kiingereza cha karne ya 14 kwa maana ya "kwa ukamilifu". Maana ya pili, ile ya "kiasi fulani", ilijitokeza baadaye sana, na katika karne ya 19 ilikuwa imekwisha kushika mizizi. La kustaajabisha ni kwamba maana mpya haikuifukuza ya kale. Zote mbili zinaishi hadi leo ndani ya neno moja.

Mabadiliko ya namna hii si ya Kiingereza peke yake. Neno la Kifaransa "assez" na neno la Kiitalia "assai" yana asili moja ya Kilatini, yenye maana ya "kwa kutosha". Kwa Mfaransa, "assez" limebaki kuwa "ya kutosha" au "kiasi". Kwa Mwitalia, "assai" limepanda na kuwa "sana". Ndugu wawili wa tumbo moja wamekwenda pande mbili tofauti. Kwa ndugu zetu Waswahili wa Kongo, wanaoishi na Kifaransa kila siku, jambo hili lina faida ya pekee, kwani tahadhari tutakayoitoa kuhusu "quite" inawahusu pia wanapotafsiri "assez".

2. Maana mbili na kinachozitenganisha

Katika sarufi yao kubwa ya mwaka 1985, Randolph Quirk na wenzake waliviainisha vielezi vya kiasi katika makundi mawili makuu, yaani vinavyokuza na vinavyopunguza. "Quite" limewekwa katika makundi yote mawili. Je, msomaji atajuaje ni lipi linalokusudiwa? Tutazame mifano ifuatayo:

(1) "The bottle is quite empty." Chupa ni tupu kabisa.
(2) "The man was quite dead." Mtu yule alikuwa amekwisha kufa kabisa.
(3) "The river is quite wide." Mto ni mpana kiasi.
(4) "The food was quite good." Chakula kilikuwa kizuri kiasi.

Tofauti haitokani na "quite", maana neno hilo halikubadilika. Inatokana na sifa zenyewe. Utupu una mwisho wake: chupa ikiisha maji, haiwezi kuwa tupu zaidi. Kufa nako kuna mpaka. Mtu amekufa au hajafa. Sifa hizi tutaziita sifa za ukomo. Upana na uzuri, kinyume chake, havina mwisho unaojulikana. Mto wowote uutajao, unaweza kuuwazia mwingine mpana zaidi. Hizi tutaziita sifa za mwendelezo. "Quite" likikutana na sifa ya ukomo, husema kwamba ukomo umefikiwa. Likikutana na sifa ya mwendelezo, halina ukomo wa kuufikia, hivyo hubaki katikati ya mizani. Mtaalamu Carita Paradis, katika utafiti wake wa mwaka 1997 kuhusu Kiingereza kinachozungumzwa Uingereza, aliitilia mkazo hoja hii ya upatanifu baina ya kielezi na aina ya sifa inayoelezwa.

Kanuni hiyohiyo inatumika kwa vitenzi. Mwingereza akisema "I quite agree", amekubali moja kwa moja, kwa sababu kukubali kuna ukomo. Akisema "I quite like it", amependa kiasi tu, kwa sababu kupenda kuna ngazi nyingi. Mtafsiri anayetumia "kabisa" katika sentensi zote mbili atakuwa amepatia moja na kukosea nyingine.

Zipo sifa chache zinazokubali kusomwa kwa namna zote mbili. Kivumishi "different" ni mojawapo. Mambo mawili yanaweza kuwa tofauti kabisa, yaani hayana uhusiano wowote, au tofauti kiasi, yaani yamepishana hapa na pale. Katika sehemu kama hizi mtafsiri hana budi kusoma aya nzima kabla ya kuchagua.

3. Bahari ya Atlantiki na mkazo wa sauti

Mambo yanazidi kuwa magumu tunapovuka bahari. Kwa Mwingereza, "quite good" ni sifa ya wastani, na mara nyingine ni njia ya adabu ya kusema kwamba jambo halikumfurahisha. Kwa Mmarekani, maneno hayohayo mara nyingi hukaribia "nzuri sana". Fikiria basi barua ya mwalimu inayosema kwamba mwanafunzi wake ni "quite good". Ikiandikwa na Mmarekani na kusomwa na Mwingereza, mwanafunzi amepunguziwa sifa bila kosa lake. Ikiandikwa na Mwingereza na kusomwa na Mmarekani, ameongezewa. Walimu wetu wa Afrika Mashariki, ambao Kiingereza chao kina misingi ya Uingereza lakini wanafunzi wao huomba nafasi katika nchi zote mbili, wangefanya vyema kuliepuka neno hili katika barua za aina hiyo na kutaja kazi ambazo mwanafunzi amezifanya.

Katika mazungumzo, Mwingereza ana msaada wa sauti. Akiutia mkazo mzito kwenye "quite" katika "quite good", husikika akipunguza. Akiuhamishia kwenye "good", husikika akisifu zaidi. Lakini sauti haiandikwi. Kumbukumbu ya mahakama au faili la mgonjwa huhifadhi maneno bila kiimbo, na msomaji hukisia.

4. Wachache walio wengi

Uko msemo mmoja ambao umewapoteza wanafunzi wengi wa tafsiri, nao ni "quite a few". Neno "few" kwa lenyewe humaanisha "wachache", na mwanafunzi aliyejifunza kwamba "quite" ni "kabisa" huandika "watu wachache kabisa". Maana iliyokusudiwa ni kinyume chake: watu walikuwa wengi kiasi cha kutajwa.

Sababu ni kwamba Kiingereza hutenganisha "few" na "a few". La kwanza hutazama upungufu, yaani wachache tu. La pili hutazama kuwapo, yaani wapo kadhaa. "Quite" hushikamana na hili la pili na kulitia nguvu, kana kwamba msemaji anasema kwamba hao kadhaa si wa kupuuzwa. Kiswahili kina kisawe kilichojengwa kwa hekima ileile ya kupandisha kwa kujifanya unashusha. Tunasema "watu si haba". Neno "haba" ni uchache, na kulikanusha ni kutaja wingi kwa staha. Hivyo:

(5) "Quite a few people came." Waliokuja si haba.

Tanbihi kwamba kisawe hiki hakina kielezi cha kiasi ndani yake. Kazi iliyofanywa na kielezi katika Kiingereza imefanywa na ukanushi katika Kiswahili. Vivyo hivyo, "quite good" ya Mwingereza mara nyingi hutafsirika vyema kwa "si mbaya" kuliko kwa kivumishi "-zuri" chenye kielezi chochote.

5. "Kabisa" na tatizo la ukanushi

Sasa tufike kwenye kiini cha mhadhara. Kiingereza kinapokanusha "quite", utata wake wote huondoka. "Not quite" ina maana moja tu: ukomo umekaribiwa lakini haujafikiwa. Maana ya "kiasi" haikubali kukanushwa kwa njia hiyo. Katika Kiswahili mambo yamepinduka. "Kabisa" halina utata katika sentensi yakinishi, lakini huwa na utata mkubwa katika sentensi kanushi. Tuzingatie mifano hii:

(6) "The patient has not quite recovered."
(7) Mgonjwa hajapona kabisa.

Sentensi ya (7) ndiyo inayokuja haraka kinywani kama tafsiri ya (6). Lakini inasomeka kwa njia mbili. Kwanza, ukanushi unaweza kukigusa kielezi: kupona kumeanza, ila hakujakamilika. Pili, kielezi kinaweza kuutia nguvu ukanushi wenyewe: mgonjwa hajapona hata kidogo. Baina ya tafsiri hizo mbili kuna umbali wa mtu anayejiandaa kurudi nyumbani na mtu ambaye dawa hazijamsaidia. Muuguzi wa zamu ya usiku anayesoma maneno hayo kwenye faili hana wa kumuuliza.

Kwa baadhi ya vitenzi, maana ya pili ndiyo inayotawala. Msikilizaji wa Kiswahili anayeambiwa "Sielewi kabisa" huelewa kwamba hakuna hata neno moja lililoeleweka. Kwa hiyo Mwingereza aliyesema kwa upole "I don't quite understand" akitafsiriwa hivyo, upole wake hugeuka lawama. Alichokisema ni "Sijakuelewa vizuri". Na aliyesema "I don't quite agree", kauli ambayo adabu ya Kiingereza huitumia hata pale tofauti ni kubwa, hakusema "Sikubaliani nawe kabisa". Pengine alisema "Nina shaka kidogo na hoja hiyo".

Tiba ya utata huu si ngumu. Kila maana ipewe umbo lake:

(8) Mgonjwa amepata nafuu, ila hajapona sawasawa.
(9) Mgonjwa hajapona hata kidogo.

Sentensi ya (8) ni ndefu kuliko ile ya (6), lakini urefu si kosa katika tafsiri. Kosa ni kuacha mlango wazi mahali ambapo matini asilia imeufunga. Kama kanuni ya kazi, tunashauri kwamba mtafsiri wa matini za tiba na za sheria asiweke "kabisa" baada ya kitenzi kilichokanushwa bila kujiuliza kwanza: ninachokikanusha ni tendo, au ni ukamilifu wa tendo?

6. Zana nyingine za Kiswahili

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili ni maskini wa vielezi vya kiasi. Dai hilo hutokana na kutafuta zana mahali pamoja tu. Ni kweli kwamba vivumishi vyetu halisi si vingi. Dhana nyingi ambazo Kiingereza huzieleza kwa kivumishi, sisi huzieleza kwa kitenzi: kitu kimejaa, nguo imekauka, tunda limeiva. Basi ni kawaida kwamba nasi ukamilifu tuueleze kwa njia zinazolingana na vitenzi.

Njia ya kwanza ni vielezi viigizi. Tunasema "nyeupe pe", "nyeusi tii", "giza totoro", "kujaa pomoni" na "kulowa chapachapa". Kila kimoja kina mwenzake maalumu, na vyote hutaja ukomo. Huwezi kusema "nyeupe pe kidogo", kwa sababu "pe" imekwisha kufika mwisho wa weupe. Njia ya pili ni kauli ya kutendea ikiandamana na "mbali", kama katika "kufilia mbali", "kutupilia mbali" na "kupotelea mbali", ambapo tendo limekwenda hadi mwisho wake. Hizi ni zana za "quite" ya ukomo.

Kwa "quite" ya mwendelezo tunao urudufu. "Nyeupenyeupe" si nyeupe pe. Ni kitu kinachoelekea weupe. Maji ya "baridibaridi" yana ubaridi wa kiasi. Tuna pia "kiasi" na "kidogo", pamoja na ukanushi wa staha tuliokwisha kuutaja: "si haba", "si mbaya".

Yapo pia matumizi ambapo lugha hizi mbili zinakutana bila taabu. Mwingereza anayekubaliana na mwenzake hujibu kwa neno moja, "Quite". Mswahili hujibu "Naam", "Hasa", au "Kabisa!". Hapa kisawe cha kale hakina kasoro.

Tunachokiona, basi, ni kwamba Kiingereza kimeweka maana mbili katika neno moja na kumwachia msomaji azitenganishe, ilhali Kiswahili kimezigawa katika maumbo mbalimbali. Si suala la utajiri na umaskini. Ni suala la mahali ambapo kila lugha imeweka mzigo.

7. Kazi ya kamusi

Kamusi za lugha mbili zina historia ndefu kwetu, tangu kamusi za Frederick Johnson za mwaka 1939 hadi Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI iliyotoka mwaka 1996. Watunzi wake walifanya kazi kubwa kwa nafasi finyu. Lakini kidahizo cha kielezi cha kiasi hakitoshelezwi na orodha ya visawe vilivyotenganishwa kwa mkato. Mtumiaji anayekuta "kabisa" na "kiasi" vikiwa bega kwa bega ana haki ya kushangaa, maana kimoja ni mwisho wa mizani na kingine ni katikati yake.

Tunapendekeza kidahizo cha "quite" kigawanywe kwa kufuata jirani yake. Kwanza, pamoja na sifa au tendo la ukomo: "kabisa", "moja kwa moja", au kiigizi kinachohusika. Pili, pamoja na sifa au tendo la mwendelezo: "kiasi", "si mbaya", pamoja na tanbihi kuhusu matumizi ya Marekani. Tatu, katika misemo ya idadi na muda: "si haba", "muda mrefu kiasi". Nne, katika ukanushi: "si ... sawasawa", "bado kidogo", pamoja na onyo dhidi ya "kabisa". Tano, kama jibu: "naam", "hasa", "kabisa". Kidahizo kama hicho hakizidi mistari kumi, na kingewaepusha watumiaji na makosa mengi.

Wengine watasema kwamba muktadha hutatua yote haya. Ni kweli, pale watu wanapozungumza ana kwa ana na mmoja anaweza kumwuliza mwenzake alichokusudia. Lakini maandishi husafiri bila mwenyewe. Taarifa ya daktari husomwa na hakimu aliye mkoa mwingine, miaka miwili baadaye, akitaka kujua kama jeraha lililoandikwa "quite deep" lilikuwa refu kiasi au refu sana. Kina cha jeraha ni mwendelezo, na mwandishi aliyesomeshwa kwa Kiingereza cha Uingereza yaelekea alikusudia "refu kiasi". Mtafsiri atakayeandika "refu kabisa" amebadilisha ushahidi.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba maana ya kielezi cha kiasi huzaliwa pale kinapokutana na mizani ya neno jirani. Kwamba "quite" ina utata katika uyakinishi na haina katika ukanushi, wakati "kabisa" ni kinyume chake. Na kwamba kuvioanisha vielezi hivi viwili bila hadhari ni kuhamisha utata kutoka mahali pasipo na madhara hadi mahali penye madhara.

Kwa wanafunzi wa isimu waliomo humu, yako mambo yanayongoja utafiti. Inafaa kukusanya sentensi kanushi zenye "kabisa" kutoka Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na Lubumbashi, na kuona katika kila mahali ni vitenzi gani vinavyovuta maana ya "bado kukamilika" na ni vipi vinavyovuta maana ya "hata kidogo". Inafaa pia kuchunguza kama mahali pa kielezi katika sentensi, au kiimbo cha msemaji, hubadilisha maana hizo. Kazi hiyo haihitaji vifaa vya gharama. Inahitaji masikio yaliyo makini na daftari, na matokeo yake yatamfaa kila anayetafsiri kwa niaba ya mtu asiyeweza kujisomea lugha ya pili.